Mwanya wa Kuazima

Mwezi uliopita nilimpeleka mwanangu kwa daktari wa meno hapa Sur, Oman. Msaidizi wa daktari alipoanza kukoroga ule unga wa rangi ya waridi kwenye bakuli la mpira, ili amchukulie mtoto chapa ya meno yake, nilitafuta kiti nikaketi. Ni ile harufu. Stroberi ya uongo, chaki, na mpira wa glavu. Mwanangu akaniuliza kwa Kiarabu, maana watoto wetu siku hizi kila kitu wanakiuliza kwa Kiarabu, kama mimi ndiye ninayeogopa. Nikamwambia siogopi, namkumbuka bibi yangu. Akanitazama kwa mashaka. Kwake yeye, bibi na daktari wa meno hawana udugu wowote.

Nilipokuwa mdogo tulikuwa tukikaa Ibra. Baba alifanya kazi idara ya maji, Mama alisomesha skuli ya wasichana, na Bibi, mamake Baba, ndiye aliyekuwa nyumba yenyewe. Alizaliwa Unguja mjini akaja Oman na watoto wawili, mmoja kiunoni na mmoja mkononi. Miaka yote aliyokaa hapa hakukubali Kiswahili chake kiguswe. Ukimwambia neno la Kiarabu mahali penye neno la Kiswahili alijifanya hakusikia. Sisi wajukuu tulikuwa tukikoroga lugha kama mchuzi, "vitu ile", "kitabu yangu", naye alitusahihisha huku akikuna nazi, bila ya kuinua uso, kana kwamba anamfukuza nzi.

Nilikuwa na miaka minane. Meno yangu ya mbele ya ukubwani yalikuwa yameshaota, lakini taya langu la juu lilikuwa jembamba. Nikifunga mdomo, meno ya juu ya upande wa kulia yaliingia ndani ya yale ya chini, na nikitafuna taya lilikwenda upande kama la mbuzi. Mama ndiye aliyeliona. Bibi alisema mtoto hana kitu, kila mtu na mdomo wake aliopewa na Mola. Lakini Mama alipokwisha kuamua jambo alikuwa hasemi tena, anakwenda kutafuta mkoba wake. Siku ya mapumziko tukapanda gari sote wanne, tukashika njia ya Sinaw mpaka Izki, tukaingia Nizwa.

Daktari alikuwa mwanamke wa Kisyria, mwenye mikono mikubwa na sauti ndogo. Alinijaza mdomo mzima ule uji wa waridi, nikadhani nitakufa kwa stroberi, kisha akawaeleza wazazi wangu huku Baba akimtafsiria Bibi. Alisema kaakaa la mtoto ni vipande viwili vya mfupa, kushoto na kulia, na katikati pana mshono ambao haujashikana barabara. Ataweka chuma chenye skurubu kwenye kaakaa, nasi kila siku tutaizungusha kidogo kwa ufunguo, na taya litapanuka. Akatoa mfano wa mitungi ya Bahla, mji wa wafinyanzi. Mtoto wa miaka minane ni udongo mbichi, alisema, unaufinya unavyotaka. Mkingoja mpaka awe mtu mzima, udongo utakuwa umeshapita tanurini, na hapo kazi ni ya kisu.

Bibi alisikiliza tafsiri mpaka mwisho. "Mwambie," alisema, "mimi sikuleta mtungi. Nimeleta mtoto."

Baba hakuitafsiri hiyo.

Basi nikawekewa chuma. Kwa wiki ya kwanza nilikuwa nikila uji, mkate wa maji uliochovywa kwenye chai ya maziwa, na muhogo wa nazi aliouponda Bibi mpaka ukawa hauna hata uzi. Halwa ilikatazwa kwa sababu inanata. Tende zilikatazwa, na hilo lilikuwa pigo, kwani ulikuwa msimu na kila nyumba tuliyoingia sinia lilikuwa limekaa mbele. Mate yalinijaa kama mtu aliyeshika kisima mdomoni. Herufi nazo zikaniasi. Skuli, mwalimu wa Kurani aliponiita nisome, kila sin yangu ilitoka na upepo. Wenzangu wakacheka, nami nikaacha kunyoosha mkono.

Kila magharibi, baada ya kusali, Baba alinilaza kwenye mkeka, akawasha tochi, akasema bismillahi, akaingiza kile kifunguo chembamba kilichofungwa uzi ili nisije kukimeza, na kukisukuma mara moja kuelekea kooni. Haikuuma kama kisu. Ilibana. Mbano ulipanda kutoka kwenye kaakaa mpaka katikati ya macho, pua ikawasha, machozi yakatoka yenyewe. Bibi hakuweza kutazama. Alitoka akasimama barazani na kusoma Ayatul Kursiyyu kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani.

Nadhani ilikuwa siku ya kumi au kumi na mbili. Asubuhi nilikwenda kumpa shikamoo, kama desturi, nikambusu mkono, akasema marahaba, akainua uso wangu kwa kidole anitazame macho kama nimelala vyema. Nikamchekea.

Kikombe cha kahawa kikamtoka mkononi.

"Zuwena," alisema.

Nilikwenda kujitazama kwenye kioo cha kabati la Mama. Kati ya meno yangu mawili ya mbele palikuwa na nafasi ambayo jana sikuiona, au sikuitazama. Ncha ya ulimi ilipita. Daktari alikuwa amesema, na mimi sikusikiliza, kwamba taya likipanuka meno ya mbele huachana, na hiyo ndiyo dalili kuwa kazi inakwenda sawa. Baadaye yatarudiana yenyewe. Lakini Bibi, aliyeipinga safari nzima tangu mwanzo, alikuwa tayari amesimama uani anapiga vigelegele.

"Mwanya!" aliwaambia Mama na Baba, na jirani aliyekuja kuuliza kuna nini. "Mtoto katoka mwanya! Nyinyi mnajua watu wa Unguja walikuwa wakiusifia vipi mwanya? Mwanamke mwenye mwanya hahitaji dhahabu, akicheka watu wanasahau walichofuata." Akaniketisha mapajani, ingawa nilikuwa mkubwa wa kukaa mapajani, akanichekesha makusudi mara tatu nne apate kuutazama.

Tokea siku hiyo Bibi alibadilika kwangu. Hakuwa mkali kabla ya hapo, lakini alikuwa bibi wa wote, na sisi wajukuu tulikuwa saba ukihesabu watoto wa ami. Sasa alikuwa wangu peke yangu. Nikirudi skuli alinisubiri mlangoni, akanivua shela, akanikalisha jikoni kwenye mbuzi ya nazi iliyokunjwa, akaanza kusema. Alinieleza habari za mdogo wake Zuwena. Zuwena alikuwa na mwanya kama huu huu. Zuwena alikuwa hawezi kupika wali, ukiuonja ni ama uji ama mchele. Zuwena alipanda ngazi za nyumba yao mbili mbili na baibui limemzonga, akaanguka, akaamka anacheka. Zuwena akisutwa alikuwa anajibu kwa shairi. Mara nyingine, akinipa bakuli, aliniita kwa jina hilo bila ya kujijua. "Shika, Zuwena." Na mimi nilishika.

Nami nikaelewa kile ambacho mtoto wa miaka minane angekielewa. Bibi alisema "Zuwena alikuwa." Hakusema hata siku moja "Zuwena yuko." Nilipomwuliza Mama, alinitazama kidogo, akaniambia, "Habibti, Bibi alimwacha Unguja zamani sana. Usimwulize mambo hayo, atahuzunika." Hiyo ikawa imetosha. Zuwena alikufa. Alikufa huko mbali, na kwa njia ambayo mimi sikuijua lakini sikuishangaa, amerudi kidogo kupitia mdomo wangu.

Kuzungusha kulipokwisha, daktari alituambia chuma kibaki miezi mingine mfupa upate kujaa. Nilifurahi kwa kuwa Baba hatoniwasha tena pua, na sikufikiri zaidi. Kisha siku moja nikiwa napiga mswaki niliona ncha ya ulimi haipiti. Nikapima na kucha. Nikapima na punje ya mchele, ikakwama. Wiki iliyofuata, hata kucha haikuingia.

Siwezi kueleza hofu ile kwa mtu ambaye hakuwahi kuwa mtoto aliyependwa ghafula. Usiku wa kuamkia Ijumaa nilikuwa nikiomba dua meno yasikaribiane. Nikicheka nilifunika mdomo kwa mkono, Bibi asije akaona. Naye, kwa kuwa nilikuwa sicheki mbele yake, akaniuliza kama ananichosha na hadithi zake. Nikamwambia la. Hakuamini. Siku mbili hakunisimulia kitu, alikuna nazi yake kimya, nami nikaona ndiyo hayo, ameshajua, Zuwena anaondoka.

Basi nikachukua hatua. Bibi alikuwa na mswaki wa mti, ule wa muaraki, aliokuwa akiuloweka kwenye gilasi dirishani. Nilichomoa nyuzi zake mbili tatu, nikazisokota, nikazipenyeza kati ya meno yale mawili mbele ya kioo cha chooni, na kuzisukuma juu mpaka zikashika. Iliuma, lakini ulikuwa uchungu wangu mwenyewe, na nafasi ilikaa. Kila asubuhi nilibadilisha nyuzi. Siku ya nne sikuweza kuzitoa. Nilivuta, zikakatika, kipande kikabaki ndani ya ufizi.

Nilivumilia kwa muda ninaoukumbuka kuwa mwaka, nadhani zilikuwa siku tatu. Ufizi ulivimba ukawa kama zabibu nyeusi. Mdomo ulininukia mimi mwenyewe. Siku ya tatu nilikataa chai, na Bibi akaniwekea kiganja shingoni.

"Toto hili lina moto. Fungua kinywa."

Nikatikisa kichwa.

"Rayya. Fungua kinywa."

Lilikuwa jina langu, naye alikuwa hajaniita hivyo kwa muda. Nikafungua. Bibi hakupiga kelele. Alikwenda mpaka mlango wa chumba cha Baba, akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, "Toa gari."

Njiani alinishika kichwa kifuani. Alinuka karafuu na udi, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu alikuwa anamlaumu mtu kwa Kiarabu chake cha kuokoteza, chini kwa chini, kana kwamba Kiswahili hakistahili maneno yale. Alikuwa anamlaumu daktari, na chuma chake, na Baba aliyekubali. Mama alikuwa skuli, hakuwepo kujitetea. Mimi nilinyamaza, nikamwacha mwanamke wa watu alaumiwe kutoka Ibra mpaka Izki, na aibu ile bado ninayo.

Daktari alinitia dawa ya ganzi, akachukua kibano, akachomoa uzi mweusi kiasi cha urefu wa ukucha. Akauweka kwenye karatasi nyeupe. Akautazama, akanitazama mimi. Hakukasirika. Aliniuliza kwa Kiarabu cha taratibu, "Hiki hakikuingia chenyewe. Nani alikitia?"

"Mimi."

"Kwa nini, mama?"

Kiarabu nilikijua. Nilikijua kuliko Kiswahili. Lakini jibu langu halikuwa na Kiarabu chake, sijui kwa nini, lilikaa mahali ambapo Kiarabu hakikufika. Nikamgeukia Bibi, mdomo umekufa ganzi, mate na damu vinanitoka kidevuni, nikasema kwa Kiswahili, "Mwanya ukifunga, Zuwena atakufa tena."

Baba aliinamisha kichwa. Bibi alibaki amesimama, mkono umeshika nguzo ya taa ya daktari.

"Anasema nini?" daktari aliuliza.

"Nani kakwambia Zuwena amekufa?" alisema Bibi.

"Wewe."

"Mimi?"

"Unasema alikuwa. Alikuwa, alikuwa."

Bibi akaketi kwenye kile kigoda cha magurudumu cha daktari, ambacho kilimteleza kidogo, na Baba akamdaka. Hapo ndipo alipolia. Nilikuwa sijawahi kumwona akilia, nikadhani nimemthibitishia msiba. Daktari, ambaye hakujua chochote, alimletea maji. Bibi akayanywa yote, akamshika mkono mkubwa ule, akambusu begani, akamwambia Baba, "Mwambie anisamehe. Nilimsengenya njia nzima."

Hiyo Baba aliitafsiri.

Njiani tukirudi Bibi alinieleza mwenyewe, mimi nimelala kiti cha nyuma na kichwa changu mapajani pake. Zuwena hakufa. Walipokuwa wanaondoka Unguja, Bibi alimtaka mdogo wake waondoke pamoja. Zuwena alikataa. Mama yao alikuwa hajiwezi, na mtu alitakiwa abaki naye. Walitupiana maneno gatini mbele za watu. Bibi alimwambia, "Baki basi, na mimi huna tena." Zuwena akamjibu, kwa mara moja bila ya shairi, "Wewe ndiye uliyeondoka." Mama yao alikufa mwaka ule ule. Barua ya msiba ilikuja, na Bibi hakuijibu, kwanza kwa hasira, baadaye kwa aibu ya kuwa hakuijibu mwanzo. Aibu ikakaa miaka zaidi ya thelathini.

"Kwa hiyo yuko?" niliuliza.

"Alikuwa yuko," alisema Bibi, kisha akasita. "Sijui, mwanangu. Sijui kama yuko."

Baba alitazama barabara tu. Lakini kesho yake alianza kupiga simu. Alipiga kwa binamu yake Maskati, binamu akapiga kwa mtu Dubai, wa Dubai akamjua mtu anayeuza vitambaa Darajani, Unguja. Ilichukua kama mwezi. Bibi alijifanya hana habari, ila kila simu ikilia aliacha alichokishika.

Siku nambari ilipopatikana ilikuwa Ijumaa, baada ya chakula cha mchana. Baba aliiweka simu juu ya meza, akafungua sauti sote tusikie. Ikalia mbali huko, mlio wa kukatikakatika. Bibi akainuka kwenda jikoni. Mama akamrudisha kwa mkono, taratibu. Upande wa pili mtu akapokea, sauti ya kizee, nene, yenye vumbi la ugoro.

"Haloo? Nani?"

Bibi akanisukuma mgongoni. "Sema wewe."

"Shikamoo," nilisema. Chuma bado kilikuwa mdomoni, na shini yangu ilitoka na upepo.

"Marahaba. Mtoto wa nani wewe, unayesema kama birika?"

"Mimi Rayya. Mjukuu wa Bi Zayana. Nauliza kama bado una mwanya."

Baba akainama kuangalia kama simu imekatika. Kisha tukasikia pumzi, na kicheko, kwanza kidogo kama kikohozi, halafu kikapanda.

"Mwanya?" alisema Zuwena. "Mwanangu, mwanya ulikaa baina ya meno mawili, na meno yote mawili yameshaniaga. Sasa si mwanya tena, ni ukumbi. Mwambie huyo aliyejificha nyuma yako, nasikia anavyopumua, tangu utotoni anapumua kama mtu aliyepanda ngazi, mwambie aje aone."

Bibi akainyakua simu mezani. Aliishika juu chini, Baba akaigeuza.

"Zuwena," alisema, "hujaacha upuuzi?"

Tukatoka, wote, tukawaachia chumba. Walisema mpaka alasiri ikaadhiniwa. Mlangoni tulisikia wakigombana juu ya nani aliyevunja jagi la mama yao.

Mwanya wangu ulifunga kabla ya Ramadhani, na chuma kikatolewa muda mfupi baadaye. Bibi alinitazama mdomo, akaguna, akasema meno yamekaa kama askari wa gwaride, si mabaya. Habari za Zuwena aliendelea kunisimulia vile vile, nikikaa pale pale jikoni, na siku hizo aliniambia pia mabaya yake, uongo wake na uvivu wake, jambo ambalo hufanyi kwa mtu aliyekufa.

Zuwena alikuja wakati wa baridi. Baba alishughulikia makaratasi, na tulikwenda kumpokea uwanja wa ndege Maskati. Bibi alivaa nguo aliyoishona makusudi. Njia nzima kutoka Ibra alikuwa akijisemesha, akipanga maneno. Atasema nini juu ya mama yao, atasema nini juu ya ile barua. Alinipa kazi ya kumkumbusha endapo atasahau, nikayahifadhi yote kwa moyo, kama sura ya Kurani.

Watu wakatoka na mizigo yao. Mwisho mwisho akatoka kikongwe mfupi, mweusi kuliko Bibi, amejifunga kanga juu ya baibui, anasukuma kigari kilichopinda magurudumu. Alituona. Alikiacha kigari katikati ya njia watu wakakikwepa. Alimjia Bibi, akapiga goti kidogo kama mtoto wa skuli, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Shikamoo, dada."

Nilimtazama Bibi. Nilijua hakumbuki neno hata moja kati ya yale aliyoyapanga. Nilivuta baibui lake nimkumbushe. Akanisukuma mkono.

"Marahaba," alisema. "Umekula?"